Kigari Kipya Hakimlei Mtoto

Kuna imani iliyoota mizizi Dar es Salaam: mimba ikifika mwezi wa saba na kigari cha mtoto hakijanunuliwa, basi wazazi hawajajiandaa. Kundi la WhatsApp linafunguliwa, mwekahazina anateuliwa, michango inadaiwa kama ya harusi, na laki kadhaa zinapelekwa Kariakoo kuchukua kigari kipya kingali ndani ya boksi. Kwa familia nyingi za jiji hili, hiyo ni hela iliyotupwa.

Kigari kinataka njia. Toka nacho Manzese, Tandale au Mbagala uone. Hatua chache tu magurudumu yamezama mchangani. Ukiukwepa mchanga, mbele kuna mtaro usio na mfuniko. Ukiukwepa mtaro, uko barabarani unagombea nafasi na bodaboda. Konda wa daladala hana subira ya kungoja ukikunje. Vituo vya mwendokasi vina sakafu inayolingana na mlango wa basi, hilo nalikubali. Lakini asubuhi pale Kimara hata mwenye mikono mitupu huingia kwa kusukumwa.

Watetezi wake husema kigari kinamtoa mtoto akapate hewa safi. Hewa ipi? Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, walionya kwamba mtoto aliye kwenye kigari kando ya barabara anaweza kuvuta hewa chafu hadi asilimia 60 zaidi ya mtu mzima, kwa kuwa amelazwa chini, karibu na bomba za moshi za magari. Mgongoni mwa mama yuko juu zaidi.

Wengine hung'ang'ania upya: cha mtumba, wanasema, ni hatari. Novemba 2009 kampuni ya Maclaren ilitoa tahadhari nchini Marekani kuhusu vigari vyake takriban milioni moja, baada ya bawaba kukata ncha za vidole vya watoto. Vigari hivyo viliuzwa vikiwa vipya. Kagua breki, mikanda na maungio. Boksi halimlindi mtoto.

Kigari kina wenyewe. Mzazi wa mapacha, mama aliyejifungua kwa upasuaji na kidonda bado kinauma, mtoto mwenye mtindio wa ubongo aliyekwisha kuwa mzito wa kubebwa: hao wachangiwe bila kuulizwa mara mbili. Ajabu ni kwamba hao ndio kamati zetu huwasahau.

Kwa wengine, muulizeni mama anachohitaji. Mara nyingi ni mambo yasiyopendeza kwenye picha: teksi ya kumtoa hospitali, dada wa kufua katika siku 40 za uzazi, nyama ya supu, akiba ya homa ya usiku. Doti moja ya kanga inatoa mbeleko mbili, moja ikifuliwa nyingine iko kazini.

Na hasira iliyobaki tuipeleke kwa wakala wa barabara, TARURA na TANROADS: mitaro ifunikwe, njia za waenda kwa miguu zijengwe hadi uswahilini. Zikijengwa, atafaidi mtoto wa kwenye kigari na pia bibi wa kwenye kiti cha magurudumu, ambaye leo amefungiwa ndani. Mpaka hapo, aibu ya kukosa kigari ni ya jiji; mama hana deni nayo.