Koti la Sabasaba ofisini: majibu kwa wanaolikataa

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, mji huu umejaa watu wanaotakiwa kuvaa vizuri siku tano kwa wiki, kwa mshahara uleule unaolipa kodi ya nyumba, ada za watoto na nauli ya kwenda Mji wa Serikali, kilomita kama 17 kutoka katikati ya mji. Wengi wetu tunajivalisha kwa nguo za mtumba kutoka soko la Sabasaba, na wengi wetu tunaficha. Mtu akisifiwa blauzi anasema ameletewa na dada yake. Mimi sioni cha kuficha. Madai yanayotutia aibu yanajibika, na lile moja lenye uzito nitalipa haki yake.

Wanaanza kwa kusema mtumba si vazi la ofisi. Waraka wa Utumishi wa Umma Na. 3 wa mwaka 2007 kuhusu mavazi ulidai staha: ulikataza nguo za kubana, nguo fupi na nguo zinazoonyesha maungo. Nguo ilinunuliwa duka gani haikuwa hoja yake. Juni 2021, hapahapa Dodoma, Spika Job Ndugai alipomtaka mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, atoke ukumbini kwa ajili ya suruali yake, ubishi wote ulikuwa wa mkato wa suruali. Ndivyo ilivyo katika kila ofisi. Wenzako wanaona kama bega limekaa, kama pindo limenyooka, kama nguo imepigwa pasi. Shati jipya lisilokuenea linakuaibisha kuliko la mtumba lililopita kwa fundi.

Dai la pili nalisikia zaidi kwa waliohamia kutoka Dar es Salaam: kwamba nguo za Ulaya zimeshonwa kwa baridi, na Dodoma ni nchi ya jua. Anayesema hivyo hajasubiri daladala hapa saa kumi na mbili asubuhi ya mwezi wa saba. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi nyuzi 14 hivi, na upepo wa alfajiri hauna huruma. Saa saba mchana wa siku hiyohiyo jua linachoma. Oktoba na Novemba joto kavu linafika nyuzi 30 na zaidi, na vumbi jekundu linaingia hadi kwenye mkoba. Mvua ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili.

Hali ya hewa ya namna hii inataka tabaka: shati la pamba ndani, sweta nyembamba ya sufu au koti jepesi juu, vya kuvua kadiri jua linavyopanda. Sasa zunguka maduka ya nguo mpya ukatafute sweta ya sufu nyembamba au suruali ya kitani. Utaonyeshwa poliesta, rafu baada ya rafu, na poliesta katika joto la Oktoba ni adhabu. Kitani na sufu vinapatikana kwenye balo la mitumba, kwa sababu waliovivaa kwanza walivihitaji kwa majira yao ya joto na ya baridi. Rangi nayo ichaguliwe kwa kuangalia ardhi. Nyeusi inaonyesha kila chembe ya vumbi kabla hujafika mezani, na nyeupe inafubaa haraka ukifulia maji ya kisima yenye chumvi. Kaki, kijivu, kahawia na bluu iliyoiva ndizo zinazovumilia huku.

Wapo wanaosema rahisi ni ghali, mtumba utachanika ndani ya miezi miwili. Hapa kuna ukweli kidogo. Mabalo ya siku hizi yana nguo nyingi za mitindo ya kupita, zilizokuwa dhaifu tangu kiwandani. Lakini nguo mpya za bei ileile zimetoka katika viwanda vya aina hiyohiyo, na mtumba una faida moja: umeshafuliwa mara nyingi, kwa hiyo kama ungepauka au kupinda, ungekuwa umeshafanya hivyo, nawe ungeona. Kazi ni kuona.

Ukishika koti, anza na mabega, kwa sababu kulibomoa bega na kulishona upya fundi atakutoza zaidi ya bei ya koti lenyewe. Kiuno, urefu wa mikono na pindo visikutishe, hivyo ni kazi ya nusu siku. Kisha ligeuze nje ndani. Tazama bitana chini ya kwapa, ndipo jasho linapoanzia kuila nguo. Inua kitambaa kuelekea jua. Tundu la nondo ambalo jicho halikuliona mezani litaonekana lenyewe. Fungua na kufunga zipu mara kadhaa. Soma kile kitambaa kidogo cha mshono wa ubavuni kinachotaja asilimia za pamba, sufu au poliesta, maana muuzaji atakuapia kwamba kila kitu ni pamba. Mara nyingi hapohapo utakuta kifungo cha akiba, na huo nao ni mtaji.

Kuhusu muda, wanasema kusaka mtumba kunakula Jumamosi nzima. Kunakula ukienda bila shabaha. Panga kundi moja la rangi na usitoke humo: suruali mbili, sketi mbili, blauzi tano, kila moja iendane na kila nyingine. Hiyo ni mivao 20 kabla hujagusa koti. Ukishajua kwamba leo unatafuta sketi ya kijivu tu, unafika mapema balo linapofunguliwa, na saa nne umerudi nyumbani.

Lile dai kwamba mitumba ni nguo za marehemu nalijibu kwa ufupi. Sehemu kubwa ya mitumba ni nguo ambazo watu walio hai huko Ulaya, Marekani na Asia wamezichoka wakazitoa, mara nyingi kwa mashirika ya hisani. Zikauzwa kwa wachambuzi, zikapangwa kwa aina na kufungwa mabalo, mengi ya kilo 45. Zifue, zianike juani, zipige pasi ya moto. Nguo za ndani ni suala jingine: Shirika la Viwango Tanzania limepiga marufuku zisiingizwe wala kuuzwa zikiwa zimetumika, na liko sahihi. Hizo nunua mpya.

Linabaki lile zito, kwamba mtumba umeua viwanda vyetu. Silidharau. Kiwanda cha Urafiki, kilichoanza Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, Mwatex ya Mwanza na Mutex ya Musoma viliwahi kulivalisha taifa. Soko lilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, mtumba uliviumiza kweli. Ila ulivikuta vimeshalala: mitambo imechakaa, umeme unakatika, fedha za kigeni za kununulia vipuri hakuna. Na anayeuacha mtumba leo haendi kununua nguo ya Mwanza. Ananunua suti mpya iliyotoka Asia, na kiwanda cha nyumbani hakipati hata senti.

Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na mwaka 2017 nafasi yetu katika AGOA, mpango wa Marekani wa kuuziwa bidhaa za Afrika bila ushuru, ikawekwa mezani. Tanzania, Kenya na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda ikashikilia ushuru wake mkubwa, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo Marekani bila ushuru. Jambo lililowashinda marais mezani halitamalizwa kwa kumsuta karani aliyevaa koti la Sabasaba.

Wanaotaka kuviokoa viwanda waangalie kwingine: sehemu kubwa ya pamba yetu inaondoka nchini ikiwa marobota, haijasokotwa hata uzi. Mnunuzi anayeweza kuibakiza yupo: ni yule anayevalisha askari, wauguzi na wafungwa kila mwaka, na ofisi zake ziko hapa Dodoma. Zabuni za sare zikidai kitambaa kilichofumwa nchini, na malipo yakatoka kwa wakati, kiwanda kitakuwa na oda ya kukopea benki.