Lango la Shule Halipimi Maradhi

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki imejengeka imani kwamba maradhi ya kuambukiza huingia shuleni yakiwa yamebebwa na msafiri, na kwamba shule iliyo makini ni ile inayomzuia msafiri huyo getini kabla hajachanganyika na wenyeji. Imani hiyo ndiyo iliyowapa mabawabu vipimajoto vya kuelekezwa kwenye paji la uso, ndiyo inayomfanya mzazi ampigie simu mwalimu mkuu kudai kuwa mtoto anayetoka mkoa uliotajwa redioni asipokewe, na ndiyo inayozipa bodi za shule ujasiri wa kutangaza kuwa hatua zote zimechukuliwa pale ambapo hatua iliyochukuliwa ni moja tu. Imani hiyo ina kosa la kisayansi, ambalo ni rahisi kulionyesha, lakini kosa lake kubwa zaidi ni la kimalezi, kwa kuwa humfundisha mtu mwenye habari inayohitajiwa kuliko zote, yaani yule aliyesafiri, kwamba usalama wake umo katika kunyamaza.

Kosa la kisayansi linaanzia katika muda. Kila ugonjwa wa kuambukiza una siku au saa zinazopita tangu vimelea viingie mwilini hadi dalili ya kwanza ijitokeze, muda ambao huitwa kipindi cha kuatamia, kwa mfano wa kuku anayelalia mayai ambayo kwa nje hayamwambii mtu kama ndani mna kifaranga. Kwa Ebola na Marburg kipindi hicho ni siku 2 hadi 21, kwa surua mara nyingi ni siku 10 hadi 14, kwa UVIKO-19 ni siku 2 hadi 14, na kwa kipindupindu ni saa chache hadi siku 5. Katika muda wote huo kipimajoto hakina cha kusoma, kwa sababu mwili bado haujapandisha homa. Zaidi ya hapo, mgonjwa wa surua huanza kuambukiza wengine siku 4 kabla vipele havijatokea, mwenye UVIKO-19 anaweza kuambukiza kabla hajahisi lolote, na kipindupindu kwa kawaida hakileti homa kabisa, ilhali wengi walioambukizwa hawaugui bali huendelea kutoa vimelea katika kinyesi chao kwa siku kadhaa.

Kipimajoto chenyewe nacho hakipimi ugonjwa wala hata homa kamili, bali joto la ngozi, ambalo hubadilika kwa jua la mchana, kwa jasho la mtu aliyebeba godoro kutoka kituo cha basi, na kwa vidonge viwili vya paracetamol alivyomeza mtoto asubuhi ili safari isiharibike. Hata pale kinaposoma sawasawa, homa inayoonekana mara nyingi katika sehemu kubwa ya ukanda huu ni ya malaria, ugonjwa unaoenezwa na mbu na ambao mwanafunzi hamwambukizi mwenzake kwa kuketi naye dawati moja. Matokeo yake ni kwamba lango humrudisha nyumbani mtoto wa malaria, ambaye hakuwa hatari kwa mtu na alihitaji dawa siku hiyohiyo, na kumpitisha yule ambaye surua itamtoka wiki ijayo akiwa bwenini.

Ushahidi wa jambo hilo si wa shuleni tu, kwa sababu viwanja vya ndege vyenye vifaa bora kuliko shule yoyote vimekwisha kujaribu njia hiyohiyo. Wakati wa mlipuko wa SARS, ugonjwa mkali wa mfumo wa kupumua, mwaka 2003, Kanada iliwakagua mamilioni ya abiria viwanjani mwake na haikumpata kwa njia hiyo hata mgonjwa mmoja wa SARS. Mwaka 2014, wakati wa mlipuko wa Ebola Afrika Magharibi, katika miezi miwili ya mwanzo ya kuwakagua abiria waliokuwa wakiondoka Guinea, Liberia na Sierra Leone, watu 77 walizuiwa kupanda ndege, na hakuna hata mmoja kati yao aliyethibitika kuwa na Ebola. Wengi waliokuwa na homa walikuwa na malaria. Mtu ambaye kweli alikuwa na virusi, Thomas Eric Duncan, alipimwa Monrovia, mji mkuu wa Liberia, tarehe 19 Septemba 2014, joto lake likawa la kawaida, akasafiri hadi Dallas, Marekani, na siku chache baadaye akaugua. Alipokwenda hospitali mara ya kwanza alieleza kuwa ametoka Afrika, lakini maelezo hayo hayakufanyiwa kazi, akarudishwa nyumbani, na tarehe 8 Oktoba akafariki. Ndugu waliokaa naye nyumba moja hawakuugua, ila wauguzi wawili waliomhudumia hali yake ilipokuwa mbaya ndio walioambukizwa. Kipimajoto kilimpitisha bila kuona kitu, na neno la mgonjwa mwenyewe, ambalo lingeweza kuwaonya wote, likapuuzwa.

Baada ya kisa hicho shule kadhaa za Marekani zilionyesha jinsi hofu ya msafiri inavyoweza kupotosha hata ramani. Katika mji wa Louisville, jimboni Kentucky, mwalimu wa shule ya Kikatoliki aliyekuwa amerejea kutoka Kenya alitakiwa akae nje ya kazi siku 21, akaamua kujiuzulu. New Jersey, watoto wawili waliotoka Rwanda walibakizwa nyumbani. Mississippi, wazazi waliwaondoa watoto wao shuleni kwa sababu mwalimu mkuu alikuwa ametoka Zambia. Na chuo kimoja cha Texas kiliwakataa waombaji kutoka Nigeria. Kenya, Rwanda na Zambia hazikuwa na mgonjwa hata mmoja katika mlipuko huo, na Nairobi iko mbali zaidi na Monrovia kuliko Madrid, mji ambao mwezi huohuo ulikuwa na mgonjwa wake. Rwanda nayo ililipa kwa sarafu ileile, kwa kuwataka wageni kutoka Marekani na Hispania watoe taarifa ya afya zao kila siku kwa siku 21, kabla ya amri hiyo kufutwa baada ya siku chache.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuyacheka hayo, mradi akumbuke kwamba kipimo kilekile hutumika nyumbani kwake. Mlipuko wa Marburg uliotangazwa mkoani Kagera tarehe 21 Machi 2023 uliwapata watu 9, ukaua 6, na ulihusu eneo dogo la Bukoba Vijijini. Hata hivyo, kwa fikra ya lango, mtoto wa Ngara, ambaye pengine hajawahi kukanyaga Bukoba, hana tofauti na yule aliyemuuguza marehemu, kwa kuwa wote wawili ni “wa Kagera”. Hapo mkoa unageuzwa kuwa dalili ya ugonjwa, na jina la kabila au lafudhi ya mtoto inaanza kufanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa na maswali mawili ya muuguzi: ulimgusa nani, na lini?

Watetezi wa lango wana hoja moja yenye uzito, nayo ni kwamba karantini imewahi kuokoa maisha. Ni kweli, lakini karantini iliyofanya kazi haikuwa ya wasafiri bali ya watangamano, yaani watu ambao inajulikana kwa majina kwamba waligusana na mgonjwa, walimuuguza au walishiriki kumzika. Ebola ilipoingia Lagos mwezi Julai 2014, Nigeria iliwaorodhesha watangamano karibu 900, ikawatuma watumishi kuwatembelea majumbani mwao kwa maelfu ya safari, na tarehe 20 Oktoba ikatangazwa kuwa huru, baada ya wagonjwa 20 tu katika nchi yenye watu wengi kuliko zote barani. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu watu walieleza walikokuwa na waliokutana nao. Mtangamano wa mgonjwa wa Ebola au Marburg hana budi kufuatiliwa siku 21, na shule inayompumzisha kwa maelekezo ya ofisi ya afya ya wilaya hufanya vema. Shule inayomfukuza kila aliyepanda basi la mkoa fulani haijaweka karantini, imeweka adhabu.

Adhabu hiyo ina bei yake. Mzazi anayejua kuwa mwanawe atarudishwa na ada ya muhula ikapotea atamwelekeza aseme kuwa likizo nzima alikuwa nyumbani; mwalimu atakayekatwa mshahara kwa siku za kujitenga atameza dawa na kuingia darasani; na mtoto aliyelala kwenye nyumba ya msiba atajifunza kuwa jambo hilo halisemwi. Wahenga walionya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, lakini katika shule ya bweni kifo hakiumbui mfichaji peke yake. Nchini Uganda, katika mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 20 Septemba 2022, virusi vilifika Kampala vikiwa na mgonjwa aliyetoka wilaya ya Kassanda, vikawapata watoto wa familia iliyompokea, watoto ambao walikuwa wakisoma katika shule za jiji. Hawakuwa wageni wala wasafiri, na hakuna bawabu ambaye angewasimamisha kwa kuwatazama. Serikali iliamua shule zifungwe wiki mbili kabla ya wakati, tarehe 25 Novemba, katika nchi ambayo ilikuwa imetoka kuzifunga kwa karibu miaka miwili kwa ajili ya UVIKO-19.

Kwa hakika mgawanyo wa “mgeni” na “mwenyeji” haupo katika shule ya bweni, kwa kuwa kila aliyemo ni msafiri. Siku ya kufungua shule, mamia ya watoto hushuka kwenye mabasi na masanduku yao ya bati, magodoro na ndoo. Bawabu huelekeza kipimajoto kwenye paji la kila mmoja, huandika 36.4 katika daftari, huandika 36.4 tena, na foleni husonga. Dakika chache baadaye watoto haohao wamo katika bweni ambalo vitanda vya ghorofa vimesogezwa hadi mito inakaribiana, ingawa kwa shule za Kenya mwongozo wa usalama wa mwaka 2008 unataka nafasi isiyopungua mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda. Jioni wanapanga foleni kwenye bomba moja, na kikombe kimoja cha plastiki kinaingia ndani ya ndoo ya maji ya kunywa na kutoka mkono hadi mkono. Kibuyu chirizi kilichotundikwa kwa kamba nje ya choo wakati wa UVIKO-19, ambacho mtu hukikanyagia kijiti ili kiiname na kumwaga maji bila kushikwa, kingali kinaning'inia, lakini hakina maji, na sabuni iliyofungwa kando yake imebaki uzi.

Hapo ndipo maradhi yanapoamuliwa. Mwezi Aprili 2023 shule moja ya wasichana katika Kaunti ya Kakamega ilifungwa baada ya wanafunzi wengi kuugua na baadhi yao kufariki, na uchunguzi wa serikali haukumtaja msafiri yeyote, bali ulikuta vimelea vitokanavyo na kinyesi, vikiwamo vya homa ya matumbo, na lawama ikaangukia maji na chakula vilivyochafuliwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Shule yenye maji machafu haihitaji mgeni wa kuiletea maradhi, na shule yenye maji safi, sabuni na vyoo vya kutosha inaweza kumpokea mgonjwa wa kipindupindu bila yeye kuwa mwanzo wa mlipuko.

Hatua zinazostahili si siri wala si ghali kupita kiasi. Kila anayefika baada ya likizo, awe mwanafunzi, mwalimu au mpishi, aulizwe alikokuwa, kama alimuuguza mgonjwa au kuhudhuria mazishi, na jibu lake lisimpotezee nafasi, ada wala mshahara. Kuwe na chumba cha wagonjwa chenye kitanda, choo chake na mtu mzima anayewajibika, ili anayeumwa atengwe bila kufukuzwa, kwa maana kumpandisha mgonjwa basi la saa nane kuelekea kwao ni kuhamisha ugonjwa na kuuita kuudhibiti. Chanjo za watoto zihakikiwe wakati wa kuandikishwa, daftari la wanaougua lijazwe kila siku ili wagonjwa watatu wa kuhara waonekane kabla hawajawa thelathini, na taarifa ipelekwe wilayani, au nchini Tanzania kwa namba 199 ya Wizara ya Afya, siku ileile badala ya baada ya kikao cha bodi.

Bodi inayotaka kujua kama shule yake imejikinga isianze kwa kuuliza kama kipimajoto kipo. Iulize kama tanki lina maji leo, kama chumba cha wagonjwa kina kitanda, na kama mtoto aliyetoka kwenye msiba wa mtu aliyekufa kwa ugonjwa usiojulikana anamjua mtu mzima mmoja hapo shuleni ambaye anaweza kumweleza bila woga. Shule isiyoweza kujibu maswali hayo haijajikinga, hata kama bawabu wake hajawahi kukosa betri.