Kabla hajaitwa garasa, apimwe chuma

Kuna kiungo ambaye kila shabiki wa Ligi Kuu Bara anamjua, hata kama jina lake linabadilika kila msimu. Agosti anaanza kwa moto. Anakaba, anapandisha timu, anarudi kufunika nafasi ya beki aliyepanda. Ikifika Novemba, dakika ya 60 tu kashashika kiuno. Mpira unapita hatua mbili mbele yake anautazama. Jukwaani hukumu inatoka hapo hapo: jamaa anakula bata, kashapata hela, mkataba umemlevya. Dirisha dogo likifunguliwa anapewa mkono wa kwaheri, na jina la garasa linamfuata mpaka timu anayokwenda.

Wapo wanaostahili hukumu hiyo. Soka la Bongo lina wala bata wake, na viwanja wanavyokesha vinajulikana. Lakini yupo pia mchezaji anayelala mapema, hagusi pombe, wa kwanza kufika mazoezini, na bado miguu inagoma. Tatizo la huyo linaweza kuwa ndani ya damu, mahali ambapo jicho la kocha halifiki, sembuse la shabiki aliyeko mzunguko.

Linaitwa upungufu wa madini ya chuma. Mwili mzima wa mwanaume una gramu tatu hadi nne tu za chuma, karibu na uzito wa kijiko cha chai cha sukari. Theluthi mbili hivi iko kwenye hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kutoka kwenye mapafu kwenda kwenye misuli. Kiungo anakimbia kilomita 10 hadi 12 kwa mechi moja. Chuma kikipungua, oksijeni inafika kwa mgao, na mgao huo unaonekana kipindi cha pili.

Kinachowashangaza wengi ni kwamba mazoezi yenyewe ndiyo yanayokila chuma hicho. Mguu unapopiga chini maelfu ya mara, baadhi ya chembe nyekundu za damu hupasuka. Kidogo kinatoka na jasho. Kidogo kinapotea tumboni, maana mazoezi makali yanaweza kusababisha damu kuvuja kidogo kidogo kwenye utumbo bila mtu kujua. Halafu kuna homoni inayotengenezwa na ini, inaitwa hepsidini, ambayo kazi yake ni kama ya mlinzi wa geti: ikipanda, utumbo unafunga mlango na chuma cha kwenye chakula hakiingii. Saa tatu hadi sita baada ya mazoezi makali, hepsidini huwa juu. Timu inayojifua saa 2 asubuhi na kula chakula kikubwa saa 8 mchana inapeleka nyama na maharage getini wakati mlinzi kashafunga.

Ndiyo maana wataalamu wa lishe ya michezo wanashauri chakula chenye chuma kiliwe asubuhi au mara tu baada ya mazoezi, kabla mlango haujafungwa. Hilo halihitaji bajeti ya Ulaya. Ni mpishi wa kambi kubadilishiwa ratiba. Maini, dagaa na nyama viwepo mezani, chungwa au ndimu pembeni, maana vitamini C inasaidia chuma kiingie. Na ile chai ya rangi inayoshushia chakula isogezwe saa moja au mbili mbele, kwa sababu chai inakizuia chuma. Kambi ngapi za Bongo zinamaliza mlo bila chai?

Tukio la Novemba nalo lina hesabu yake. Chembe nyekundu moja huishi kama siku 120. Zile zilizotengenezwa mchezaji akiwa mapumzikoni zinakuwa zinaisha wakati ligi imekolea. Chuma chake mwili unakitumia tena, lakini kile kilichopotea njiani lazima kilipwe, na kama ghala ni tupu hakuna cha kulipia.

Ghala hilo linapimwa kwa kipimo cha feritini. Hapa ndipo vilabu vinapopaswa kubanwa. Siku ya usajili mashabiki wanaonyeshwa picha za mchezaji mpya akipimwa moyo na goti, dole gumba juu. Ni vizuri. Lakini kupima wingi wa damu peke yake hakutoshi. Hemoglobini inaweza kusoma vizuri huku ghala likiwa limekauka. Inaweza pia kusoma chini bila ugonjwa wowote, kwa sababu wiki za kwanza za mazoezi makali umajimaji wa damu huongezeka. Ni kama kuongeza maji kwenye juisi, matunda ni yale yale ila ladha imepungua. Feritini nayo ina hila zake: mtu akiwa na malaria au maambukizi mengine, au katoka kwenye mechi ngumu jana, inapanda na kudanganya kuwa ghala limejaa. Apimwe akiwa mzima na kapumzika, mwanzo wa maandalizi ya msimu, kisha tena katikati ya ligi.

Kwa upande wa wanawake, kuchelewa ni uzembe wa moja kwa moja. Twiga Stars ilisubiri kutoka mwaka 2010 mpaka Julai 2025 kucheza tena fainali za WAFCON, kule Morocco. Mchezaji wa kike anapoteza chuma kwa njia zote alizonazo mwanaume, akaongeza na hedhi ya kila mwezi. Binti wa miaka 17 anayetoka damu nyingi na kufanya mazoezi mara mbili kwa siku hawezi kumweleza kocha wa kiume mbele ya wenzake, kwa hiyo ananyamaza, anaitwa mvivu. Kama hela inatosha kupima kikosi kimoja tu klabuni, kianze cha wanawake.

Watasema hela hakuna, timu nyingine hata nauli ya kwenda ugenini ni mtihani. Sawa. Ila kikosi cha watu 30 kupimwa mara mbili kwa mwaka hakiwezi kuwa mzigo kwa klabu inayomwaga mamilioni kumsajili winga wa nje atakayecheza mechi nne. TFF inaweza kuweka kipengele hicho kwenye masharti ya leseni ya klabu, na timu ndogo zikaanza na kipimo cha wingi wa damu, ambacho hata vituo vya afya vya kawaida vinacho.

Kisichofaa ni njia ya mkato. Vidonge vya kuongeza damu vinavyonunuliwa duka la dawa kwa kusikia tu vinaweza kudhuru, kwani mwili hauna njia ya kukitoa chuma kilichozidi. Na kama kinachomaliza damu ni minyoo, kichocho au malaria, vidonge havigusi chanzo. Dripu ni hatari zaidi: kanuni za WADA zinakataza kuingiziwa kwenye mshipa zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12, isipokuwa kwa matibabu halali ya hospitali. Mchezaji anaweza kufungiwa kwa dripu ya "kuongeza nguvu" tu.

Majibu nayo yabaki kwa daktari na mchezaji mwenyewe. Yakifika mezani kwa kiongozi anayetafuta sababu ya kupunguza mshahara, mwakani hakuna atakayekubali kutoa mkono achomwe sindano. Kujaza ghala kwa chakula na vidonge alivyoandika daktari huchukua wiki kadhaa, mara nyingi miezi miwili mitatu. Anayegundulika Agosti, mechi za Novemba zinaweza kumkuta fiti. Anayeachwa mpaka dirisha dogo atapona akiwa na jezi ya timu nyingine.