Nyaya za plagi hazipendi kukumbatiana

Likizo inapokaribia, familia nyingi za mjini hufunga safari kwenda mashambani, na si wachache wanaosafiri kwa lile gari kuukuu la baba ambalo limekataa kustaafu. Wanaoelekea Awendo wanaijua vyema sehemu ya mwisho ya safari hiyo. Ukishapita Kisii na Rongo, katika barabara kuu iendayo Migori hadi mpakani Isebania, unaingia katika nchi ya miwa. Huko ndiko kiliko kiwanda cha sukari cha SONY, kampuni iliyoundwa mwaka 1976. Hapo utalikuta trekta limesheheni miwa, linatambaa kama kobe, nawe uko nyuma ukingoja nafasi ya kulipita.

Sasa fikiri. Umetazama mbele ukaona barabara ni wazi. Umekanyaga mafuta na kuingia upande wa pili. Ghafla injini inakohoa, nguvu zinapotea, na kule mbele lori limechomoza mlimani. Hapo jambo si aibu ya kukwama tu, ni la uhai wa watu walio ndani ya gari. Na huenda chanzo chake ni kipande cha mpira ambacho mtu alikitumia kufunga nyaya za plagi pamoja ili zionekane nadhifu.

Kwanza tuelewane ni magari gani tunayoyazungumzia. Zile Probox za petroli zinazobeba abiria katika stendi ya Awendo hazimo, kwa kuwa koili zake hukaa juu ya plagi zenyewe. Tunasema juu ya Peugeot 504, Datsun, Corolla za miaka ya 1980 na wenzao wenye distributa, ambayo hugawa umeme kwa nyaya nne nene.

Betri ya gari ina volti 12 tu. Lakini umeme ukitoka kwenye koili, unaweza kupita volti 20,000. Umeme wa nguvu kiasi hicho haukai kimya ndani ya waya wake. Wanafunzi wa fizikia wamesoma habari za Michael Faraday, Mwingereza aliyeonyesha mwaka 1831 kwamba umeme unaobadilika katika waya mmoja huzua umeme katika waya wa pili ulio jirani. Nyaya mbili za plagi zikilala pamoja kwa urefu, mmoja ukipiga cheche, wa pili nao unaweza kushtuka.

Ubaya wake uko hapa. Injini nyingi za silinda nne huwaka kwa mpangilio wa 1, 3, 4, 2. Silinda ya 3 inapowaka, jirani yake, ya 4, imeshavuta petroli na hewa, na pistoni yake ndiyo kwanza inaanza kupanda. Cheche ndogo tu ya kuibia inaweza kuiwasha kabla ya wakati wake. Ndivyo ilivyo pia kwa silinda ya 2 na jirani yake ya 1. Kwa hiyo, nyaya za 3 na 4, na za 1 na 2, ndizo za kutenganishwa kwa makini zaidi.

Tena, kadiri injini inavyobeba mzigo mzito, ndivyo plagi inavyohitaji volti nyingi zaidi ili kutoa cheche. Ndiyo maana gari linaweza kunguruma vizuri likiwa limesimama nyumbani, kisha likakusaliti mlimani au unapolipita trekta.

Ukanda wa tyubu kuukuu, ambao hufunga karibu kila kitu katika nchi yetu, haufai kazi hii. Mpira wa tairi na tyubu hutiwa masizi ya kaboni ili uwe imara, na kaboni huweza kupitisha umeme. Waya wa kufungia ni mbaya zaidi.

Basi tutengeneze vitenganishi vyetu. Tafuta kibao cha plastiki cha kukatia mboga kilichochakaa, chenye unene wa milimita 8 hivi (omba ruhusa ya mwenye jikoni kwanza). Kata kipande chenye urefu wa sentimita 9 na upana wa sentimita 2 na nusu. Pima unene wa waya wako. Nyingi ni milimita 7 au 8. Toboa mashimo manne ya kipimo hicho, kila shimo sentimita 1 kutoka ukingoni, na sentimita 2 kati ya shimo na shimo. Kisha kwa msumeno wa chuma, fungua njia kutoka ukingoni hadi kila shimo, iwe nyembamba kidogo kuliko waya wenyewe, ili waya uingie kwa kubanwa na usichomoke. Piga msasa kila ukingo, kwa maana plastiki yenye makali italikata ganda la waya. Tengeneza viwili, kimoja karibu na distributa na kingine karibu na plagi.

Fanya kazi hii injini ikiwa imezimwa na imepoa. Andika namba juu ya kila waya. Ukilazimika kuchomoa, chomoa mmoja mmoja, na ushike kofia yake, usivute waya. Panga nyaya zisiguse bomba la moshi wala bodi ya gari. Zikibidi kupishana, zipishane kama msalaba, zisilale sambamba. Vitenganishi navyo vikae mbali na bomba la moshi, kwani plastiki hii huyeyuka kwa joto.

Mwisho, usitarajie kitenganishi kitibu waya uliokwisha. Usiku, egesha gari mahali pa wazi, vuta breki ya mkono, weka gia huru, fungua boneti na uwashe injini bila taa. Tazama kwa macho tu, usiguse kitu. Leso na mikono mirefu ya shati viwe mbali na feni, na mwenye kifaa cha umeme cha kusaidia moyo asikaribie. Ukinusa petroli, usifanye jaribio hili kabisa. Ukiona vimulimuli vya buluu au ukisikia mlio wa ta-ta-ta, ganda la waya limepasuka, na dawa yake ni kununua seti mpya. Usipoona kitu, lakini nyaya zilikuwa zimefungwa pamoja na gari hukohoa mlimani, jaribu kibao chako kabla hujalipia koili na kabureta.

Kisha ulijaribu gari katika mlima ulio karibu na nyumbani, mahali pasipo na msongamano, kabla watoto hawajapanda na mizigo kufungwa. Trekta la miwa si mahali pa kufanyia majaribio.

Hadi Jumapili ijayo, safari njema.