Paul Robeson: Sauti Iliyovuka Bahari kwa Simu

Je, wajua, ndugu msomaji, kwamba mmoja wa waimbaji wakubwa kabisa wa Marekani aliwahi kuketi darasani akijifunza lugha yetu hii ya Kiswahili? Jina lake ni Paul Robeson, na darasa lenyewe lilikuwa London, mwaka 1934.

Robeson alizaliwa Princeton, katika jimbo la New Jersey, tarehe 9 Aprili 1898. Baba yake alikuwa mtumwa aliyetoroka angali kijana, kisha akasoma na kuwa mchungaji wa kanisa. Mtoto wa baba kama huyo hakulelewa kwa mzaha. Katika Chuo cha Rutgers, ambako wanafunzi weusi walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, aling'ara kwa masomo na kwa kandanda ya Kimarekani. Mwaka 1923 alipata shahada ya sheria. Lakini katika ofisi ya mawakili alikoajiriwa, karani mpiga taipu wa Kizungu alikataa kuandika maneno ya mtu mweusi. Robeson aliiacha kazi ile, na jukwaa likapata faida.

Sauti yake ilikuwa nzito, yenye kina, nayo ilitoka bila kulazimishwa. Mwaka 1928 aliwateka watu wa London katika mchezo wa Show Boat, na mwaka 1936 akaucheza tena katika filamu iliyopigwa Hollywood. Othello aliyoigiza New York kuanzia mwaka 1943 ilionyeshwa mara 296. Kabla yake, michezo ya Shakespeare haikupata kudumu kiasi hicho katika Broadway.

Hata hivyo, nataka tukae kidogo na filamu ambayo yeye mwenyewe aliionea haya: Sanders of the River, ya mwaka 1935. Robeson alikubali kuwa chifu Bosambo baada ya kuona picha za ngoma na nyimbo zilizopigwa Afrika kwenyewe. Aliamini kwamba hatimaye dunia ingeuona utamaduni wetu kwa heshima. Miongoni mwa Waafrika waliochukuliwa kama vibarua kujaza picha hiyo alikuwamo Jomo Kenyatta, aliyekuwa akiishi London wakati huo. Loo! Filamu ilipokamilika, ikawa ni sifa tupu za ofisa wa kikoloni, na Bosambo ni mtiifu wake. Robeson aliikana hadharani. Tunaweza kumlaumu kwa kutokuwa macho, lakini ni wasanii wangapi walio tayari kuikana kazi iliyowapa fedha na jina? Mwaka 1942, baada ya kuona jinsi wakulima weusi walivyofanywa kichekesho katika Tales of Manhattan, alitangaza kuwa ameachana na Hollywood.

Maneno yake juu ya ubaguzi na makoloni, pamoja na urafiki wake na Urusi ya Kisovyeti, yaliwakasirisha wakubwa wa nchi yake. (Kwamba alinyamaza kuhusu maovu ya Stalin ni doa ambalo hatuna sababu ya kulificha.) Mwaka 1950 serikali ilimnyang'anya pasipoti. Kumbi za muziki zikamfungia milango, na mapato yake yakaporomoka. Mwezi Mei 1952, alipozuiwa kuvuka kwenda Kanada, alipanda juu ya lori mpakani akawaimbia maelfu ya watu waliokusanyika pande zote mbili.

Kisha ikaja Oktoba 1957. Wachimba makaa wa Wales, ambao maisha yao aliyaigiza katika The Proud Valley, walikuwa na tamasha lao. Kwa kuwa mgeni wao hakuruhusiwa kusafiri, aliwaimbia kutoka New York kwa waya wa simu uliopita chini ya bahari. Ukumbi mzima ulimsikiliza, kisha nao wakamwimbia kwa njia ile ile.

Pasipoti ilirudishwa mwaka 1958, baada ya uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka uliofuata alikuwa Othello tena, mjini Stratford, Uingereza. Lakini afya ilikwisha kudhoofika, na miaka yake ya mwisho aliipitisha kimya. Alifariki Philadelphia tarehe 23 Januari 1976, akiwa na umri wa miaka 77. Nyota yenye jina lake iliwekwa katika njia ya wasanii ya Hollywood mwaka 1979, miaka 37 baada ya yeye kuupa mgongo mji huo.