Mbwa Akikuogopa Usiseme Anakuheshimu

Wako wafugaji wanaojisifu barazani kwamba mbwa wao wana adabu. "Akiniona tu, analala chini," husema mwenye nyumba, na wageni wakastaajabu. Sisi tunasema: ndugu yetu, hiyo si adabu, ni woga, na aliyeutia ni wewe.

Mtazameni mbwa wa namna hiyo bwana wake anapopiga honi getini jioni. Badala ya kukimbilia geti, anazunguka nyuma ya tangi la maji. Akiitwa, anakuja kwa kunyatia, masikio yamelala, mkia kaufyata, na akifika anageuza uso pembeni macho yasije yakakutana. Anapiga miayo ilhali kashinda amelala. Anajilamba pua ilhali hakuna chakula. Akiinamiwa ghafla, mkojo unamtoka. Watu huyaona haya wakacheka, kumbe mwenzao anaomba salama. Wala mkia unaotikisika usikudanganye. Mbwa mwenye furaha hutikisa mpaka kiuno, mwili umelegea. Mwenye wasiwasi hutikisa ncha tu, mwili umekakamaa, mdomo kaufumba.

Na ile sura ya "kujuta" je? Mtu anakuta kiatu kimetafunwa, anafoka, mbwa anainamisha kichwa, basi husemwa kwamba anajua kosa lake. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa New York alichapisha jaribio lililolipima jambo hilo. Mbwa walikatazwa kula kipande cha chakula, kisha wenye mbwa wakaambiwa, mara kweli mara uongo, kwamba kimeliwa. Sura ya kujuta ilifuata karipio, haikufuata kosa. Tena waliokaripiwa bure ndio walioionyesha zaidi. Kumchapa mbwa jioni kwa kosa la asubuhi, basi, ni kumfundisha kitu kimoja tu: kwamba kurudi kwako ni balaa.

Kipimo chepesi ni hiki: anamkimbilia nani? Kama anamrukia kwa furaha kijana anayemletea ugali na dagaa, lakini ukitokea wewe anajikunyata, na chakula hakigusi mpaka uondoke, basi ugomvi wake si na wanadamu wote. Ni na wewe. Hata hivyo, daktari wa mifugo atangulie kuitwa, maana mbwa mwenye kupe, minyoo au sikio linalouma naye hujitenga na kususa chakula.

Wapo watakaotujibu kwamba mbwa wa ulinzi akibembelezwa hulegea. La hasha! Mbwa aliyejaa woga humng'ata aliye karibu, na aliye karibu ni mtoto wa nyumbani, si mwizi aliye nje ya ukuta. Wengine watasema mbwa ni najisi. Sawa; lakini aliyeamrishwa kukiosha chombo kilicholambwa hakuamrishwa kumpiga aliyekilamba, na katika hadithi za Mtume imo habari ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Serikali nayo haikunyamaza: Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa, hata awe wako na umemnunua kwa fedha yako.

Dawa ipo, ila haitaki haraka. Fimbo iondoke machoni pake kabisa. Mnyororo wa kutwa nzima ufunguliwe, ua si umezungushiwa ukuta? Jioni keti kwenye kigoda, umpe ubavu, usimkazie macho wala usimwendee. Mwache aje mwenyewe. Akinusa mkono wako akaondoka, mwache aondoke, kesho atakaa kidogo zaidi. Sahani yake mpelekee wewe, usimwachie kijana siku zote, na umwite jina lake kwa sauti ile ile unayowaitia wanao. Akikuungurumia usimchape kwa kuunguruma, maana anakuonya. Ukimfundisha kutoonya, siku ya pili atang'ata bila taarifa.

Na asiyeweza kumpa mbwa wake hata robo saa kwa siku asifuge mbwa. Aajiri mlinzi.