Hisabati kwa Mwendo wa Haraka: Mzazi Aulize Nini Kabla Mtoto Hajarushwa Darasa?

Kila mwaka wa masomo unapokaribia kufungwa, wapo wazazi wanaoitwa shuleni na kupewa habari njema. Mtoto wao wa darasa la pili au la tatu anafanya vizuri sana katika Hisabati, na walimu wanapendekeza arushwe darasa, au aingizwe katika kundi la wenye uwezo linalofundishwa mada za darasa la mbele. Mzazi hufurahi, na ana haki ya kufurahi. Lakini akifika nyumbani maswali huanza. Je, mtoto ataweza? Ataishije na wenzake wanaomzidi umri? Na yule mdogo wake, au mtoto wa jirani ambaye hakuchaguliwa, atajionaje? Tunaona vema kuyatafakari maswali haya pamoja na waamini wa Katumba na wa Jimbo letu zima la Mpanda, kwa kuwa yanagusa malezi, na malezi ni wajibu ambao Mungu ameukabidhi kwanza kwa wazazi.

Suala hili limepata uzito mpya katika miaka hii. Mtaala ulioboreshwa, unaotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, ulianza kutumika Januari 2024 kwa Awali, darasa la kwanza na darasa la tatu. Kwa mtaala huo elimu ya msingi ni ya miaka sita badala ya saba. Watoto walioingia darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliowatangulia watamaliza darasa la saba, na makundi yote mawili yataingia kidato cha kwanza mwaka 2028. Maana yake ni kwamba safari ya kila mtoto imekwisha kufupishwa kwa mwaka mmoja. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka sita, kisha akarushwa darasa moja, ataingia sekondari akiwa na miaka kumi na mmoja, baada ya miaka mitano tu ya elimu ya msingi. Hesabu hii ni rahisi, lakini ni muhimu mzazi aifanye mapema.

Kwa Katumba, kiu ya elimu ina historia yake. Makazi haya yalianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya ndugu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, ambako waliosoma, wakiwemo walimu na wanafunzi, walikuwa miongoni mwa waliolengwa. Wazee wetu walifika wakiwa wamepoteza mashamba, ndugu na shule. Walianza upya kwa jembe, wakilima mahindi, mihogo, maharage na baadaye tumbaku, huku uraia wao ukibaki swali kwa miongo kadhaa. Uamuzi wa kuwapa uraia zaidi ya watu 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu ulitangazwa mwaka 2010, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Si ajabu basi kwamba mzazi wa Katumba anapoambiwa mwanawe ana akili ya Hisabati, anasikia zaidi ya alama za mtihani. Anasikia kwamba familia imepata njia. Tunaiheshimu kiu hiyo. Ndiyo maana tunataka isimfanye mtoto abebe mzigo usio wake.

Hisabati ni somo linalojengwa kama nyumba ya matofali. Mtoto asiyeelewa thamani ya tarakimu hawezi kutoa kwa kukopa isipokuwa kwa kukariri. Asiyemudu kuzidisha na kugawanya atakwama kwenye vigawe. Asiyeelewa vigawe hataweza kupata kigawe kidogo cha shirika, na bila hicho, kujumlisha sehemu zenye asili tofauti kunakuwa mchezo wa kubahatisha. Baada ya sehemu huja desimali na asilimia, na baada ya hapo aljebra. Mtoto mwenye kumbukumbu nzuri anaweza kupita hatua mbili tatu kwa kukariri kanuni, akashangiliwa, kisha akaanguka ghafla pale ambapo kanuni pekee haimsaidii tena. Kwa muda mrefu Hisabati imekuwa miongoni mwa masomo yanayowaangusha watahiniwa wengi zaidi katika mtihani wa kidato cha nne. Wengi wao hawakupungukiwa akili. Matofali ya chini yaliwekwa kwa haraka.

Hata hivyo, hatutaki kusema kwamba kuharakisha ni vibaya kwa kila mtoto. Nchi yetu yenyewe ina mfano. Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa, MEMKWA, ulioanza kwa majaribio mwaka 1999, uliwachukua watoto waliopitwa na umri wa kuanza shule, ukawafundisha kwa mtaala uliofupishwa, na wengi wakarudi katika mfumo rasmi. Huko Marekani, mwanasaikolojia Julian Stanley alianzisha mwaka 1971 utafiti wa watoto wenye kipaji cha pekee cha Hisabati, na utafiti huo umewafuatilia kwa miongo kadhaa hadi utu uzima wao. Kwa jumla, waliosogezwa mbele hawakuonekana kudhurika kisaikolojia kwa sababu hiyo. Lakini hao walikuwa wachache sana, waliopimwa kwa uangalifu, na ambao mada za darasa lao walikuwa wamekwisha kuzimudu.

Mambo huwa tofauti wanapoharakishwa watoto wengi kwa pamoja ili shule ionekane iko mbele. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, shule za Charlotte-Mecklenburg, katika jimbo la North Carolina, ziliwasogeza wanafunzi wengi wasome aljebra mwaka mmoja mapema. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Duke waliochunguza matokeo waligundua kwamba waliosogezwa walipata alama za chini katika mtihani wa aljebra kuliko ambazo wangepata kama wangesubiri, na madhara hayo yaliwafuata hata kwenye somo la baadaye la jiometri. Mwaka mmoja uliookolewa uliwagharimu.

Mfano wa tatu unatoka kwa jirani zetu. Mwaka 2005, shule za msingi 121 za magharibi mwa Kenya zilipewa fedha za kuajiri mwalimu mmoja wa ziada ili darasa la kwanza, lililokuwa limefurika, ligawanywe mara mbili. Katika nusu ya shule hizo watoto waligawanywa bila kuangalia alama; katika nusu nyingine waligawanywa kwa kufuata alama zao za mwanzo. Baada ya mwaka mmoja na nusu, watoto wa shule zilizogawa kwa alama walikuwa mbele, wale wa kundi la juu na wale wa kundi la chini pia. Watafiti walieleza kwamba mwalimu aliweza kufundisha kwa kiwango ambacho watoto waliokuwa mbele yake walikuwa nacho. Tuangalie vizuri: hakuna aliyerushwa darasa, na kundi la chini lilipata mwalimu wake sawa na kundi la juu. Kilichowasaidia watoto wale ni kufundishwa kulingana na walipofikia.

Hapo ndipo tunapoiona hofu nyingine ya wazazi, ambayo huzungumzwa kwa sauti ndogo: hatima ya wale wanaobaki. Shule yenye mwalimu mmoja hodari wa Hisabati ikimpa kundi la watoto kumi na watano wateule, waliobaki hufundishwa na nani? Kiwango kinachokusudiwa na Serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa, na shule nyingi za vijijini zimekivuka. Katika hali hiyo, kundi la haraka linaweza kujengwa kwa kuchukua kidogo kilichokuwa cha wote. Huongezeka pia mchango wa masomo ya ziada, na mtoto wa mjane au wa mkulima ambaye tumbaku yake haijalipwa huachwa nje, si kwa kukosa uwezo bali kwa kukosa fedha. Bwana wetu alitufundisha juu ya mchungaji aliyewaacha kondoo tisini na tisa akamtafute mmoja aliyepotea. Shule inayowatunza kumi na watano na kuwasahau wengine imeugeuza mfano huo kichwa chini.

Kuna pia suala la moyo wa mtoto. Akili ya kuhesabu inaweza kutangulia, huku mwili, urafiki na uwezo wa kuvumilia kushindwa vikibaki katika umri wake. Mtoto aliyezoea kuwa wa kwanza, akihamishiwa kwa wakubwa na kuwa wa ishirini, anaweza kuanza kuficha daftari, kuumwa tumbo asubuhi ya mtihani, au kuona aibu kuuliza. Serikali ilipositisha Machi 2023 huduma ya bweni kwa watoto wa Awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu, ilizingatia ukweli huo: mtoto wa umri huo anahitaji ukaribu wa wazazi na familia kabla ya ushindani. Katika familia zetu nyingi mtoto huongea Kirundi nyumbani na kukutana na Kiswahili cha Hisabati shuleni. Anaweza kukokotoa vizuri namba zilizopangwa, lakini akapotea katika fumbo la maneno. Huyo hana haja ya darasa la mbele kwanza, bali ya kusomewa, kuulizwa na kusikilizwa.

Mafundisho ya Kanisa yanatuongoza hapa. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Elimu ya Kikristo, lililotolewa tarehe 28 Oktoba 1965, linawatambua wazazi kuwa walimu wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Mtakatifu Yohane Paulo II alikazia jambo hilo mwaka 1981 katika wosia wake Familiaris Consortio: haki na wajibu huo haviwezi kukabidhiwa kabisa kwa wengine. Shule humsaidia mzazi, haichukui nafasi yake. Kwa hiyo mzazi anayemwuliza mwalimu kwa heshima hafanyi ujeuri; anatimiza wito wake. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, alizikumbusha familia zinazoishi katika ulimwengu wa haraka kuwafundisha watoto uwezo wa kusubiri.

Mfano wa talanta, katika sura ya 25 ya Injili ya Mathayo, mara nyingi hutumiwa kuwasukuma watoto. Lakini katika mfano huo kila mtumishi alipewa kwa kadiri ya uwezo wake, na aliyeleta mbili alisifiwa sawa na aliyeleta tano. Hakuna aliyeulizwa kwa nini hakuwahi kumaliza kabla ya mwenzake. Na Mwana wa Mungu mwenyewe, aliyewashangaza walimu hekaluni akiwa na miaka kumi na miwili, alirudi Nazareti, akawatii wazazi wake, akaendelea kukua.

Basi mzazi aulize nini? Aanze na swali la msingi: mtoto anaweza kueleza kwa maneno yake jinsi alivyopata jibu, au anajua jibu tu? Aombe kuona daftari na si alama peke yake. Aulize ni mada zipi za darasa linalorukwa ambazo hazitafundishwa tena, na nani atazifidia. Aulize kama mtoto yuko mbele pia katika kusoma na kuandika, kwa maana anayerushwa darasa hurushwa katika masomo yote. Aulize kama kuna muda wa majaribio, na kama mtoto anaweza kurudi bila kudhalilishwa iwapo mwendo utamshinda. Aulize gharama zote kabla ya kukubali. Mwisho amwulize mtoto mwenyewe, kwa utulivu, baba na mama wakiwa pamoja.

Majibu yakiwa mazuri, mzazi asiogope. Ampe mtoto baraka na aende. Yakiwa na mashaka, ipo njia ya tatu: mtoto abaki na wenzake, lakini apewe maswali magumu zaidi ya mada ileile, na nafasi ya kumweleza mwenzake aliyekwama. Anayemfundisha mwingine hujifunza mara mbili. Nyumbani, apewe hati ya mauzo ya tumbaku au bei za sokoni, atafute kilo, makato na kinachobaki. Hiyo ni Hisabati yenye kina, na familia hufaidika nayo.

Parokia nazo zina nafasi. Mtakatifu Yosefu Calasanz, msimamizi wa shule za Kikatoliki, alifungua mwaka 1597 huko Roma shule isiyo na ada kwa watoto maskini, nao wakafundishwa kusoma, kuandika na kuhesabu pamoja na katekisimu. Jumuiya zetu zinaweza kumwiga kwa kiasi kidogo: kijana aliyemaliza kidato cha sita, saa mbili Jumamosi baada ya kikao cha Utoto Mtakatifu, ubao mmoja na chaki. Waje wanaokwenda haraka, waje na wanaochelewa, wala asitozwe mtu.

Tunawaombea wazazi wote wa Katumba busara ya kuwajua watoto wao jinsi walivyo, na ujasiri wa kuamua kwa ajili ya mtoto kuliko kwa ajili ya sifa. Familia Takatifu ya Nazareti iwaombee.